Kanisa Lililokaa Majumbani

Siku mliyoniaga pale karakana mlinipa saa ya ukutani, zawadi nzuri kwa mtu ambaye hana tena mahali pa kuwahi. Kisha mkanidai neno. Nikasimama, nikazitazama sura zenu zilizojaa vumbi la mbao, nikakaa tena. Mke wangu ananitania mpaka leo kwamba nimefundisha useremala maisha yangu yote nikashindwa kusema "asanteni". Basi neno lenyewe ndilo hili. Vyeo na mishahara nitaviruka, maana vyeo vilikuwa vichache na mishahara mnaijua. Nitawaandikia juu ya fundi aliyenifundisha kazi, juu ya watu wake ambao ramani haina jina lao, na juu ya jengo moja la mbao kule ziwani ambalo nusura litupotee.

Nilianza kazi chuoni kwetu Mbinga nikiwa kijana mwenye cheti kipya na maringo ya kutosha. Nilikuwa nimefundishwa kwa mashine za umeme, nikadhani ninakwenda kuwafundisha wengine kwa mashine za umeme. Asubuhi ya kwanza nilimkuta mzungu mmoja mfupi, mabega mapana, amekaa juu ya gogo ananoa shoka kwa jiwe na mate. Nikajua ni Mjerumani, kwa sababu kwetu mzungu wa misheni ni Mjerumani mpaka athibitishe vingine.

"Shikamoo, Bruda," nikamwambia.

"Mimi siyo bruda, nina mke," akajibu. "Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele na milele, amina."

Akaliweka shoka chini, akanitazama kwa furaha kama mtu aliyekutana na jirani yake stendi ya mbali. Akanieleza kwamba kijijini kwao watu hawaulizani habari za asubuhi. Anayeingia nyumbani husema "Slava Isusu Chrystu", na mwenye nyumba huitika "Slava na viky", na maana yake ni hiyo hiyo ya kwetu. "Nimevuka nchi nyingi," alisema, "nikafika mlangoni kwenu, mkanisalimia kama bibi yangu."

Jina lake lilikuwa Mihal, nasi tukaliongezea irabu moja likawa Mihali, ili likae vizuri mdomoni. Alikuwa Mrusini, mtu wa milima ya Karpati huko Ulaya. Si Mrusi, si Mpolandi, si Mslovakia, ingawa watu wake wamekaa katikati ya hao wote tangu zamani, wakichunga kondoo, wakikata majani kwa mundu mrefu na kujenga kwa miti. Nilimuuliza nchi yao ni ipi. Alicheka. "Nchi zilikuwa nyingi. Bibi yangu alizaliwa chini ya mfalme mmoja, akaolewa chini ya serikali nyingine, akafiwa na mume chini ya nyingine tena, na muda wote huo hakutoka uani kwake. Mipaka ndiyo iliyokuwa inatembea." Akaongeza kwamba baadaye walikuja kumtoa hapo uani kwa nguvu, lakini hiyo ilikuwa habari ya siku nyingine.

Mimi ni Mmatengo, jambo hilo halikunipa shida kulielewa. Babu zetu nao walipandishwa milimani na vita, wakajikuta kwenye miteremko ambayo mbuzi mwenyewe anafikiri kabla ya kukanyaga. Wakachimba ngolo, vile vishimo vyetu vinavyoshika maji na udongo, na mlima ukatoa mahindi. Mara ya kwanza nilipompeleka Mzee Mihali shambani kwa baba, alisimama juu ya kilima akaitazama mistari ya ngolo ikiteremka mpaka bondeni. "Watu wenu hawakukimbia tu," alisema. "Walifika, wakashika kazi." Baba yangu, ambaye hakuwa mwepesi wa kuwasifu wageni, alimpa mkungu mzima wa ndizi.

Mke wa Mzee Mihali, Hania, alifundisha ushonaji upande wa pili wa chuo. Mama mpole, lakini ndiye aliyeitikisa Mbinga nzima bila kukusudia. Siku moja alikuwa na akina mama wa parokia wanachambua kahawa, wanaongea habari za kwao, naye akasema kwa sauti yake ya kawaida kwamba baba yake ni padre. Mikono yote ikasimama. Alipoona wamemtolea macho, akadhani hawakumwelewa, akaongeza ili kuwasaidia, "Na babu yangu pia alikuwa padre."

Habari hiyo ilifika sokoni kabla ya Hania kufika nyumbani. Nilikwenda kununua misumari kwa Mzee Saidi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, Mwislamu mstaarabu mwenye asili ya Kilwa, naye akaniinamia kwenye kaunta akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hivi, mapadre wenu siku hizi wana wajukuu?" Jumapili paroko akalazimika kueleza mimbarini. Alisema Warusini wengi ni Wakatoliki wenzetu kabisa, chini ya Baba Mtakatifu yule yule, ila wanafuata ibada ya Mashariki, na huko mwanamume aliyekwisha kuoa anaweza kupewa upadre. Kanisa lilitulia. Baada ya misa katekista wetu, mwenye mke na nyumba iliyojaa watoto, alibaki nyuma akamuuliza paroko kama nafasi bado zipo.

Zamu yangu ya kuaibika ilikuja Januari. Mzee Mihali alinialika Krismasi, na Krismasi kwetu ilikuwa imekwisha kupita, tumekula na kusahau. Kumbe wao hufuata kalenda ya zamani, na mkesha wao huangukia tarehe sita Januari. Nikafanya kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri hapa kwetu: nikabeba kuku mzima wa kumpelekea mwenyeji. Nilipiga hodi wakati nyota ya kwanza imechomoza. Hania akafungua mlango, akamwona kuku, akabana midomo asicheke. Usiku ule Warusini hawagusi nyama hata chembe.

Hakunirudisha. Alisema kwao mkesha ule wanyama hulishwa kabla ya watu, kwa hiyo mgeni wangu amekuja mahali pake, akamweka chini ya meza kwenye majani makavu waliyokuwa wameyatandaza kukumbuka hori la Bethlehemu. Miguu ya meza ilikuwa imefungwa kwa mnyororo, ukaizunguka yote. Nikamuuliza Mzee Mihali ni mwizi gani anayeiba meza watu wakiwa wanakula. Akasema mnyororo ni wa kuwashika wanaokaa kuizunguka, wasitawanyike mwaka unaokuja. Hania akatuchora kila mmoja msalaba wa asali kwenye paji la uso, ili tupendwe na watu kama asali inavyopendwa. Tukala kitunguu saumu kwa asali, maharage, kabichi chachu, uyoga wa milimani kwetu na vimikate vidogo vitamu. Sahani moja iliachwa bila mtu, ya wale ambao hawapo. Na kuku yule hakuchinjwa kamwe. Alizeeka pale chuoni akiheshimika kuliko baadhi yetu.

Sasa nirudi kwenye kazi, maana najua kuna wanaosoma hapa wakingojea shoka. Mzee Mihali hakuchukia mashine, alisema tu kwamba mashine ni ya mtu anayejua tayari. Miezi ya kwanza alininyima msumeno. Nilichonga gogo kwa shoka pana mpaka likawa na pande nne, nikasawazisha kwa tezo, nikapima kwa timazi, naye akapitisha kiganja juu yake, akaguna, akanigeuzia gogo upande wa pili. Alinifundisha kupasua vibao vya kuezekea badala ya kuvikata. Ukikata kwa msumeno unazijeruhi nyuzi za mti na maji yanaingia. Ukipasua, mti unafunguka unapotaka wenyewe na maji yanateleza juu yake. Unachagua saiprasi iliyonyooka, unatega bapa la chuma lenye makali kwenye kichwa cha kipande, unapiga kwa nyundo ya mti, kisha unalainisha kwa kisu cha kuvuta chenye mipini miwili. Mikono yangu ilitoka malengelenge, nikamlaani kwa Kimatengo, na kwa bahati mbaya alikuwa ameanza kukielewa.

Naye alikuwa na mengi ya kujifunza. Kibanda chake cha kwanza cha vifaa alikijenga kwa magogo ya saiprasi yaliyokaa juu ya udongo, kama kwao. Tulimwambia. Akasema kwao vibanda vya namna ile vimesimama tangu enzi za babu wa babu yake. Kwao hakuna mchwa. Masika yalipokwisha, aliegemea ukuta wa kibanda chake akaingia ndani bila kupitia mlangoni. Alikaa chini kwenye unga wa mbao akacheka mpaka machozi, akawasifu mchwa kwamba nao wanajenga bila misumari. Tangu hapo tulijifunza wote wawili: msingi wa mawe, magogo ya chini yawe mninga, kila mwisho wa gogo upakwe oili chafu, na hakuna mbao inayogusa ardhi.

Siku moja tulikuwa tunapasua vibao vya paa ndipo aliponiambia habari ile ya bibi yake. Baada ya vita kuu ya pili, Mzee Mihali mwenyewe akiwa mtoto wa kubebwa, askari waliingia vijijini kwa Warusini wa upande wao wa milima, ambao hujiita Walemko. Watu wakaambiwa wafunge mizigo upesi. Wakapakiwa kwenye magari moshi pamoja na ng'ombe wao, wakapelekwa nchi tambarare mbali sana magharibi, wakagawanywa familia moja huku, nyingine kule, ili wasikae pamoja na wasiongee lugha yao. Kanisa la mbao la kijiji likabaki peke yake bondeni. Alipokuwa mtu mzima alirudi kukitafuta kijiji. Alikuta miti ya matofaa imezaa katikati ya pori, na miti hiyo ndiyo iliyomwonyesha nyumba zilikuwa wapi. Kanisa halikuwepo.

Alikuja kulikuta kwenye makumbusho, mji mwingine. Walikuwa wamelifungua gogo kwa gogo, kwa maana hayo makanisa ya Warusini hayana misumari, yanafunguka, na walikuwa wamelijenga upya kwa ustadi ambao yeye mwenyewe aliusifu. Paa zuri, mlango umepakwa mafuta, kibao cha maelezo nje. Mbele ya ukuta wa picha za watakatifu palikuwa na kamba. Alipiga magoti kwenye kamba. Mlinzi akamjia kwa adabu kabisa akamwomba asogee, kuna kundi la wanafunzi linaingia.

"Walihamisha mbao wakaacha watu," Mzee Mihali aliniambia. Alikuwa hanitazami, alikuwa anatafuta mahali pa kutega bapa la chuma. "Mimi ni fundi, Gaudensi. Nataka kabla sijafa nijenge moja ambalo watu wamo ndani yake. Moja tu linanitosha."

Nilikuwa kijana, sikujua mtu wa makamo anaweza kuhitaji kitu kwa kiasi kile.

Nafasi ilipatikana ziwani, kwenye kijiji kimoja kusini mwa Lituhi. Kigango chao kilikuwa kinasali kwenye banda la nyasi, na paroko wa huko alikubali fundi wetu awajengee, sisi na wanafunzi tukiwa wasaidizi. Mninga na saiprasi viliteremshwa kwa lori kutoka milimani, na kila kona ya barabara ile niliomba sala fupi. Tulijenga kama kwao Mzee Mihali: magogo yamelala moja juu ya jingine, pembeni yamekatwa yakaumana, vigingi vya mti mgumu mahali pa misumari, vyumba vitatu vinavyofuatana, kila kimoja na paa lake. Mwisho wa kila gogo alichonga alama kwa patasi, mikato ya kuonyesha ukuta na nafasi yake. Niliona ni kupoteza muda. Ukuta umekwisha kusimama, nani atauliza gogo hili linakaa wapi?

Vita ilikuwa ya paa. Mwenyekiti wa kigango alikuwa Mama Agnesi, mkaangaji wa samaki, mjane mwenye sauti inayosikika mtumbwini. Alikuja na wazee nyuma yake.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Mama."

"Sisi tunashukuru kwa kuta. Lakini huko juu tunataka bati. Lituhi wana bati. Hata kuku wa mwenyekiti wa kijiji wanalala chini ya bati. Wewe unataka kutuezekea mbao tuonekane kama tumesahauliwa?"

Mzee Mihali hakubishana. Aliwaomba mvua moja tu. Paa likivuja, ataling'oa mwenyewe na kupandisha bati. Mvua ya kwanza ilikuja na upepo wake wa ziwani, tukakaa wote ndani tunatazama juu. Palivuja mahali pamoja, juu ya kiti cha Mama Agnesi. Alisema ni makusudi. Lakini bati la kijiji lilipiga kelele siku ile hata watu hawakusikizana, na ndani ya kanisa la mbao tulisali kwa sauti ya kawaida. Mama Agnesi alihamisha kiti chake, akanyamaza kimya, na kwa anayemfahamu huko ndiko kusifia kwenyewe. Tulirekebisha kibao kile. Miaka ikaenda, na harusi zikaanza kutoka vijiji vingine kuja kufungiwa mle.

Baadaye Hania aliugua na wakarudi kwao ili atibiwe karibu na watoto. Alifariki huko. Mzee Mihali alibaki milimani kwenye kijiji jirani na pale palipokuwa kwao, na tukawa tunapigiana simu. Kila mara aliuliza kwanza kanisa, halafu mchwa, halafu mimi.

Ndipo ziwa likaanza kupanda. Mnaokaa ufukweni mnalijua hilo, mmeona mitende na vyoo vya watu vikiingia majini. Mwaka wangu wa mwisho kazini maji yalifika kwenye jiwe la chini la ngazi ya kanisa, na mvua zilikuwa bado hazijaanza. Watu walikuwa wameonyeshwa viwanja vipya mlimani. Wengine walikubali, wengine walianza kwenda kwa ndugu zao, hawa Lipingo, hawa Lituhi, wengine hata ng'ambo ya ziwa ambako wana shangazi na wajomba. Nikaitwa. Nilipofika nikazitazama zile alama za patasi nilizozidharau, nikajua tunaweza kulifungua kanisa na kulijenga tena mlimani. Lakini usingizi haukuja, kwa sababu nilikuwa nayakumbuka maneno ya Mzee Mihali. Mbao nilikuwa na uhakika nazo. Watu ndio walikuwa wanaondoka.

Kikao kilikuwa kizito. Mmoja alisema tuziuze mbao tujenge la tofali. Mwingine akauliza tujenge kwa ajili ya nani, nusu ya kijiji wameshafunga mizigo. Na tatizo lilikuwa jingine pia: msingi mlimani haungeweza kujengwa mpaka mvua ziishe, na hatukuwa na ghala. Ukilundika mbao nje masika mazima, zisipoibwa zitaoza, zisipooza mchwa watashukuru.

Mama Agnesi, sasa amezeeka, anatembelea fimbo, alisimama. "Kila kaya ichukue gogo moja, ikakae nalo," alisema. "Mvua zikiisha, kila mtu aje na la kwake."

Nilipinga. Niliona jengo zima limegawanywa kwa watu wanaohamahama, gogo moja likiwa kuni, jingine daraja la mfereji. Nikamwambia, "Mama, mtu atalifanya kitanda."

"Mwache alale juu yake, mwanangu. Mradi aje nalo."

Tukalifungua. Vibao vya paa kwanza, kutoka juu kushuka, kisha vigingi, vikigongwa kwa nyundo ya mti tu. Aliyeshika nyundo ya chuma nilimfukuza. Wanaume walibeba magogo mabegani, wanawake vibao vichwani, na lile kanisa likaondoka ufukweni likatapakaa majumbani. Kwenye zile mvua nilipita mara kwa mara kulikagua, na sijawahi kukagua jengo la ajabu namna ile. Ukuta wa kusini ulikuwa benchi kwenye nyumba nyingi. Madhabahu yalikuwa chumbani kwa Mama Agnesi, yamefunikwa kanga. Mama mmoja alianika usipa juu ya gogo lake, na mpaka leo ukikaa upande ule siku ya joto unanusa samaki wakati wa mahubiri. Lakini nililoona zaidi ni kwamba watu walianza kuulizana. Gogo lenu linaendeleaje? La kwetu limepakwa oili, la kwenu? Waliokuwa wamefunga mizigo hawakujua wataaga vipi na gogo limeegemea ukuta.

Mvua zilikwisha, msingi wa mawe ukajengwa mlimani, tukatangaza. Wakaja. Niliwaona wakipanda njia ile na magogo yao, na nilisimama kidogo nyuma ya lori la chuo ili wanafunzi wangu wasione uso wangu. Tulipanga kufuata alama, ukuta ukainuka mpaka usawa wa juu ya mlango, tukasimama. Boriti ya juu ya mlango haikuwepo.

Ilikuwa kwa Alfonsi, mvuvi kijana ambaye nyumba yake ililiwa na maji katikati ya mvua, akaondoka na mke wake kwenda Lipingo kwa wakwe bila kuaga mtu. Simu yake haikupatikana. Wengine walisema ameiuza, wengine ameichoma. Siku zangu za kazi zilikuwa zinakwisha, misa ya kuzindua imeshatangazwa, na mbele yangu lilikuwapo gogo zuri la mninga. Nikachukua shoka.

Mama Agnesi akaja akakaa juu ya lile gogo la mninga. Hakusema kwa ukali. "Ukichonga nyingine, Mwalimu, utakuwa umemwambia asirudi."

"Na asiporudi?"

"Basi tutaingia kwa kuinama."

Nilikasirika, nawaambia kweli. Fundi hapendi kusimamisha kazi kwa sababu ya mtu asiyepatikana. Lakini nikamtazama yule mama, nikawatazama walioweka mizigo chini wakimsubiri jirani, nikarudisha shoka. Tukafanya kazi nyingine ndogo ndogo, tukipiga randa vitu ambavyo havikuhitaji randa.

Alfonsi alikuja na boti ya injini, boriti imefungwa ubavuni, na ndani ya boti masufuria, godoro, mke wake na mtoto mchanga. Alipanda mlima akihema, akanikuta mimi kwanza.

"Shikamoo, Mwalimu. Samahani nimechelewa. Mama watoto alikuwa hajajifungua."

"Marahaba. Tulidhani umeiuza."

"Wateja walikuwepo," alisema. "Kila aliyeingia pale kwa wakwe aliuliza boriti hii ya nini. Nikaeleza mpaka nikachoka. Mwisho mke wangu akasema, kama ni ya kanisa letu, sisi tunafanya nini hapa?" Akamgeukia Mama Agnesi, sauti ikashuka. "Mama, viwanja vilibaki?"

"Cha kwako kina vigingi tangu siku ulipoondoka," Mama Agnesi akamjibu. "Lete hiyo mbao, jua linatuchoma."

Iliingia mahali pake bila kuguswa na patasi.

Siku ya misa nilimpigia Mzee Mihali simu ya picha. Mjukuu wake ndiye aliyemshikia simu, kwa kuwa mikono yake inatetemeka siku hizi. Alikuwa jikoni kwake, amesimama karibu na dirisha, na kofia kichwani kama wazee wa kila mahali. Nilikuwa na fahari kupita kiasi. Nikamwonyesha pembe zilizoumana, nikamwonyesha paa, nikamsogezea simu kwenye vigingi ili aone hakuna hata kimoja kilichopasuka. Alivumilia kidogo.

"Gaudensi," akasema, Kiswahili chake kikiwa kile kile, "mbao nazijua, nilizichonga mwenyewe. Nionyeshe watu."

Nikaigeuza simu. Walikuwa wanaingia wakiimba, Mama Agnesi na fimbo yake, mama wa usipa, Alfonsi amembeba mtoto, wazee, wanafunzi wangu, wamejaa vyumba vyote vitatu na wengine wamebanana mlangoni. Niliishika simu juu kwa mikono miwili mpaka mabega yakaniuma. Kwenye kioo nilimwona Mzee Mihali anasogea karibu, karibu zaidi, macho yanatoka mtu mmoja kwenda mwingine bila haraka. Mjukuu wake alimwambia kitu, yeye akaendelea kutazama. Kisha, pale pale jikoni kwake, akavua kofia.